Mlangoni pa Uwanja wa Mpira

Katika vijiji vyetu mchezo wa mpira hauna mlango. Baada ya Misa ya Jumapili na chakula cha mchana watu hukusanyika kandokando ya uwanja, wazee wakiketi chini ya mti, watoto wakichuchumaa karibu na mstari. Hakuna haja ya kusukumana, maana nafasi ni ya wote. Lakini kijana wa Manguredjipa, njia ikiwa salama na baba yake akimpa ruhusa, akisafiri karibu kilometa 100 kwenda Butembo kutazama mchezo mkubwa, hukuta mambo asiyoyazoea: ukuta, dirisha dogo la tiketi, mlango mwembamba, na mbele ya mlango huo maelfu ya watu, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza. Juu ya wafungaji wa magoli wengine wataandika. Sisi leo twataka kusema juu ya mlango.

Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu. Huko Uingereza, wataalamu wa usalama wa viwanja wamekadiria kwamba mlango mmoja wa kuzunguka, unaopitisha mtu mmoja mmoja, usihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Basi, ikiwa uwanja una milango miwili ya namna hiyo, nayo hufunguliwa saa saba mchana, na mchezo waanza saa tisa, watakaoingia kwa wakati ni watu 2,640. Wakija watu 5,000, watu 2,360 watakuwa wangali nje filimbi inapolia. Na dirisha la tiketi ni zito kuliko mlango. Muuzaji akitumia sekunde 15 kwa kila mnunuzi, kupokea noti, kutafuta chenji na kukata tiketi, atauza tiketi 240 tu kwa saa. Kwa hiyo kusukumana hakuongezi hata tiketi moja. Mwenye kusukuma huongeza joto tu, na hatari.

Hatari hiyo si hadithi ya kuwatisha watoto. Tarehe 23 Oktoba 2010, huko Nairobi, mashabiki wa Gor Mahia na wa AFC Leopards walisongamana katika uwanja wa Nyayo wakitaka kuingia, na watu 7 wakafa. Tarehe 24 Januari 2022, huko Yaoundé, katika mashindano ya Kombe la Afrika, watu 8 walikufa mlangoni pa uwanja wa Olembe. Watu hao walikuja kufurahi, na wengine hawakuuona hata mpira.

Wala mlango si hatari wakati wa kuingia tu. Butembo yetu yajua. Tarehe 14 Septemba 2008, kipa wa timu mojawapo alidhaniwa kutumia uchawi, ugomvi ukazuka, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na watu wote wakakimbilia njia ya kutokea kwa mara moja. Walikufa watu zaidi ya 10, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Nyumba nyingi zililia usiku ule kwa ajili ya mchezo.

Huenda msomaji akauliza: watu hufaje katika msongamano? Wengi hudhani kwamba hukanyagwa. Kwa kweli wengi hufa wakiwa wamesimama. Watu 6 au 7 wakibanwa katika mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuchagua aende wapi. Umati humchukua kama mto uchukuavyo gogo. Kifua kikibanwa, pumzi haiingii. Na ubaya wake ni huu: aliye nyuma haoni aliye mbele. Yeye asukuma kidogo tu, na jirani yake kidogo tu, na misukumo mia ikikutana mlangoni yamlemea mtoto mmoja. Hakuna aliyetaka kuua, na hata hivyo mtu amekufa.

Katika nchi yetu, michezo na misioni vilikua pamoja. Timu ya TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenedikto huko Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Huko Kinshasa, Padre Raphaël de la Kéthulle, Mmisionari wa Scheut, aliwajengea vijana shule na viwanja. Uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 waitwa leo Tata Raphaël kwa kumkumbuka. Ni huzuni kusema kwamba katika uwanja huo huo, tarehe 11 Mei 2014, fujo ilitokea katika mchezo wa AS Vita Club na TP Mazembe, na watu 15 wakafa.

Wajibu ni wa nani basi? Kwanza ni wa wenye uwanja. Wauze tiketi tangu siku iliyotangulia, na mahali pengi, sokoni na mitaani, waandae chenji, wasiuze tiketi kupita nafasi zilizopo, wafungue milango mapema, na milango ya kutokea isitiwe kufuli mchezo ukiendelea. Pili, ni wajibu wetu wanunuzi. Tuje mapema, tushike mstari, tusimnunulie mlanguzi, maana tiketi yake huenda ikawa ya uongo, na mwenye tiketi ya uongo hukwama mlangoni na kuwazuia wote walio nyuma yake. Tatu, ni wajibu wa wazazi. Mtoto mdogo asiende peke yake. Aambiwe kabla ya kuondoka mahali pa kukutana iwapo mtapoteana, na afundishwe kwamba umati ukianza kubana hutoka upande, hasongi mbele.

Sisi wenyewe tuliwahi kusimama katika mstari wa namna hiyo, katika mji ambao hatutautaja. Jua lilikuwa kali. Dirisha lilichelewa kufunguliwa, na muuzaji hakuwa na chenji. Mbele yetu alisimama mama mmoja na mwanawe wa miaka kama saba, aliyevaa shati jeupe la sikukuu. Tiketi zao mbili walikuwa wamekwisha kuzipata, nao walikuwa wakingoja mlango. Ghafula vijana walikuja wakikimbia toka barabarani, mstari ukavunjika, na watu wakaanza kuelemeana. Yule mama hakungoja. Alimwinua mtoto, akapenya kando mpaka ukutani, akatoka. Mtoto alikuwa akilia, maana ngoma za mashabiki zilikwisha kusikika ndani. Kijana mmoja akamcheka: “Mama, umetupa faranka zako!”

Yule mama akamfuta mtoto machozi, akamjibu bila hasira: “Faranka, baba, nitazipata tena.”

Siku ile hakufa mtu, ashukuriwe Mungu. Lakini wengi walitoka na nguo zilizochanika, na wawili tuliwaona wakibebwa. Mchezo wenyewe twakiri tumeusahau. Hata magoli hatuyakumbuki. Jibu la mama yule twalikumbuka mpaka leo, na twawaachia ninyi, wazazi na wanafunzi, mlichukue Jumapili ijayo mtakapokwenda uwanjani.