Kwenye kamera, ogopa "Format" kuliko "Reset"

Msikilizaji wetu mmoja, mpiga picha wa harusi na mahafali kijijini kwake, alitupigia simu studio akiwa amekata tamaa. Alikuwa anapiga picha za sendofu tangu saa tisa alasiri. Jioni kamera ikagoma, ikamwandikia kwamba kadi imejaa. Akaingia kwenye menyu kutafuta nafasi, akaona neno "Format", akabonyeza OK. Picha zote zikaondoka, pamoja na za kipaimara cha Jumapili iliyotangulia, ambazo alikuwa hajazisafisha.

Tulimuuliza kama hakuona hatari. Akasema neno analoliogopa yeye ni "Reset", maana kwenye simu ukilichezea unaweza kupoteza kila kitu. "Format" alidhani ni kupanga picha vizuri.

Hatumlaumu. Kwenye kamera nyingi mambo ni kinyume: "Reset" hurudisha mipangilio ilivyokuwa kamera ilipotoka dukani, picha haziguswi. "Format" ndiyo inayofuta kadi nzima. Na yote mawili mara nyingi hukaa chini ya alama moja ya spana, pamoja na saa, lugha na mlio wa vitufe. Ni kama kuweka sumu ya panya kabati moja na chumvi! Kamera nyingi pia hazina sehemu ya kuhifadhi kwa muda picha ulizofuta, kama ilivyo kwenye simu nyingi.

Kuna na alama ya ufunguo. Picha uliyoiwekea ufunguo haifutiki kwa kitufe cha pipa la taka, na hapo wengi hujiona salama. Lakini "Format" haijali ufunguo.

Ikikutokea, acha kupiga picha papo hapo na utoe kadi. Mara nyingi kamera huwa imefuta orodha tu. Picha zenyewe bado zimo mpaka picha mpya zikae juu yake. Mpelekee fundi wa kompyuta mwenye programu ya kurejesha picha, na azihifadhi kwenye kompyuta au flashi, siyo kwenye kadi ileile.

Wanaonunua kamera za mtumba wana shida nyingine. Baadhi ya zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake. Iwashe kabla hujalipa, uone kama lugha inabadilika.

Msikilizaji wetu, kwa kutojua, aliendelea kupiga picha mpaka keki ikakatwa. Fundi alimrudishia karibu picha zote za sendofu. Za kipaimara, zilizokuwa mwanzo wa kadi, zilikuwa zimeshafunikwa na za keki. Wazazi amewarudishia fedha zao.