Ujuzi wa mfanyakazi si mali ya mwajiri

MFANYABIASHARA wa pembejeo mjini Moshi anapomwajiri kijana dukani, humfundisha mengi. Baada ya miaka miwili kijana anajua dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani, anajua kipimo cha dawa kwa bomba la lita 15, na anajua mkulima yupi wa Kibosho hulipa taslimu na yupi hukopa hadi mauzo ya kahawa. Siku akiaga na kufungua duka lake mtaa wa pili, bosi hujiona ameibiwa.

Dawa ambayo baadhi ya waajiri hukimbilia ni sharti katika mkataba wa ajira: mfanyakazi akiacha kazi, asifanye biashara kama hiyo wala asiajiriwe na mshindani kwa mwaka mmoja au miwili, pengine katika mkoa mzima.

Hofu ya mwajiri ina msingi. Hata hivyo, gharama ya sharti hilo haiishii kwa mfanyakazi. Muongoza watalii anayezuiwa mwaka mzima hupoteza misimu yote miwili ya kupanda Mlima Kilimanjaro, wa Januari hadi Machi na wa Juni hadi Oktoba. Naye mkulima hukosa duka la pili la kulinganisha bei, akabaki kununua kwa bei ya aliyepo.

Ujuzi uliohama ndio ulioijenga Kilimanjaro

Wakazi wa mlimani wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kahawa ililetwa Kilema na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga walijifunza kuitunza, wengine wakiwa vibarua katika mashamba ya misheni na ya walowezi, kisha wakaipanda vihambani mwao katikati ya migomba.

Katika miaka ya 1920 walowezi walitaka wakulima hao wazuiwe. Walidai kuwa mashamba madogo yangeeneza wadudu na magonjwa, na kwamba wizi wa kahawa ungeongezeka. Nyuma ya madai hayo kulikuwa na hofu ya kukosa vibarua, kwa kuwa mtu mwenye kahawa yake hana haja kubwa ya kwenda kuvuna ya mwenzake. Wakati huohuo, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha aweze kushtakiwa kama mhalifu.

Walowezi hawakufanikiwa. Wakulima, wakiungwa mkono na mkuu wa wilaya Charles Dundas, waliunda chama chao cha KNPA mwaka 1925, mmoja wa viongozi wake akiwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU. Nchini Kenya walowezi walikuwa na nguvu zaidi, na Waafrika walio wengi hawakuruhusiwa kulima kahawa ya arabika hadi miaka ya 1950.

Sheria inasemaje

Katiba ya Tanzania, ibara ya 22, inatamka kuwa kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, anaweza kuacha kazi kwa notisi isiyopungua siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Anapoondoka anastahili kupewa cheti cha utumishi.

Aidha, Sheria ya Mikataba inasema makubaliano yenye lengo linalopingana na maslahi ya umma ni batili. Kwa hiyo sahihi peke yake haitoshi kulipa nguvu kila sharti. Kenya ina sheria mahususi inayoiwezesha Mahakama Kuu kulitengua sharti la aina hii kwa kupima mambo matatu: linakataza nini, kwa muda gani na katika eneo gani.

Huko Marekani, jimbo la California limeyakataa masharti haya tangu mwaka 1872, na kampuni zake za kompyuta zimekua huku wataalamu wakihama kutoka moja kwenda nyingine. Kwingineko nchini humo yaliwafikia hata wauza mikate: kampuni ya Jimmy John's ilikubali kuyaacha mwaka 2016 baada ya kubanwa na wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na Illinois. Amri ya kuyapiga marufuku nchi nzima iliyotolewa mwaka 2024 ilizuiwa mahakamani mwaka huohuo.

Kipi kilindwe

Mfanyabiashara anayo haki ya kulinda kilicho chake. Daftari la wadeni, orodha ya wateja na bei aliyokubaliana na msambazaji ni siri za biashara. Mkataba unaweza kukataza zisitolewe nje. Lakini kujua kupima dawa au kumshauri mkulima ni ujuzi wa mtu, nao huondoka naye.

Mwajiri aliyelipia mafunzo anaweza kukubaliana na mfanyakazi kabla. Kwa mfano, kama ada ni Sh600,000 na makubaliano ni miezi 12 ya kazi, anayeondoka baada ya miezi minane atarudisha Sh200,000 za miezi minne iliyobaki. Njia nyingine ni kumpa kamisheni ya mauzo, ili kubaki kuwe na faida kwake.

Kwa upande wake, mfanyakazi asisaini kabla ya kuuliza anakatazwa nini, kwa muda gani, wapi, na kama atalipwa chochote katika muda huo wa kukaa bila kazi. Abaki na nakala ya mkataba. Mgogoro wa kikazi ukizuka, mahali pa kuanzia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.