Binti za Selofehadi na Hati ya Shamba

Somo: Hesabu 27:1-11

Leo tutafakari maneno yasemwayo sana matanga yanapokwisha: "Mila yetu hairuhusu." Baba amezikwa, wageni wameondoka, wazee wameketi kugawa shamba. Binti akiuliza fungu lake, huambiwa kwamba mwana wa kike ni wa kuolewa; atapata huko aendako. Je, mila hiyo ni ya tangu lini? Na Mungu asemaje?

Zamani, katika jamii nyingi za wakulima wa Kenya, ardhi haikuwa mali ya mtu mmoja kuiuza apendavyo. Ilikuwa ya ukoo. Ni kweli, waliosema barazani walikuwa wanaume. Lakini mama alikuwa na shamba lake la kulima, na mara nyingi binti ambaye ndoa yake imevunjika alirudi akaonyeshwa mahali pa kupanda. Kwa Wanandi na Wakamba, mama asiye na mwana wa kiume aliweza hata kumwoa mwanamke, ili watoto watakaozaliwa warithi mali ya nyumba yake. Wazee hao walijua kuilegeza desturi ili nyumba isipotee.

Kisha mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Swynnerton. Mashamba yakapimwa, yakaandikishwa, na hati zikatolewa. Kwa kawaida hati ilibeba jina la mwanamume peke yake. Haki ya mama na ya binti, iliyokuwa imehifadhiwa vinywani mwa wazee, haikuandikwa. Basi mwenye hati aliweza kuuza au kuweka shamba rehani bila kumwuliza mtu. Ndugu msikilizaji, sehemu ya hiyo tunayoiita mila ya mababu haina umri kuzidi karatasi hiyo.

Tusidhani kwamba wageni walikuwa mbele yetu. Huko Uingereza, mpaka sheria ya mwaka 1882, mali ya mke kwa sehemu kubwa ilihesabiwa kuwa ya mumewe. Kila taifa limebadilisha mawazo yake juu ya lipi limpasalo mwanamume na lipi limpasalo mwanamke.

Sasa tuwaangalie Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao Selofehadi alikufa jangwani bila mwana wa kiume. Wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Musa hakuwafukuza kwa kutaja mila. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, naye Bwana akasema kwamba wana haki. Ni kweli, amri ile ilihusu baba asiye na wana wa kiume, na sura ya 36 iliwataka waolewe katika kabila lao. Lakini Ayubu, ambaye alikuwa na wana wa kiume saba, aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao. Someni Ayubu 42:15.

Nchi yetu nayo imetembea njia hiyo. Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981, nayo haikutofautisha watoto wa kiume na wa kike, ingawa ilisaza mashamba na mifugo ya wilaya kadhaa. Katiba ya mwaka 2010 ikakataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi.

Hata hivyo, sheria njema huweza kuangushwa na barua moja. Mtu akifa, familia huenda kwa chifu kuandikiwa barua yenye majina ya warithi. Hapo ndipo majina ya dada huachwa. Na wanaoyaacha, wengine ni wazee wa kanisa, wanaoshiriki Meza ya Bwana na dada hao hao Jumapili.

Ndugu yangu, kabla hujaenda kwa chifu, waite dada zako, walioolewa na wasioolewa, uwasikilize. Nawe baba uliye hai, andika wosia wako leo, uwataje watoto wako wote.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewasikia binti za Selofehadi, utupe masikio kama ya Musa, tusilifiche dhuluma chini ya jina la mila. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.