Maingizo Rudufu katika Lahajedwali la Pamoja

Miongoni mwa kazi zilizoingia katika ofisi zetu pamoja na kompyuta ni ile ya kusafisha orodha. Hapo zamani daftari la wakazi lilikuwa moja, nalo lilikaa juu ya meza ya karani mmoja. Siku hizi orodha moja huandikwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, huyu akiwa Mbagala, yule Tandika, na mwingine makao makuu ya manispaa. Jedwali la namna hiyo, lenye safu wima na safu mlalo, ndilo tunaloliita lahajedwali. Kasoro yake kubwa ni kwamba jambo moja huingizwa mara mbili bila ya mtu yeyote kukusudia.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Ingizo lililojirudia hatuwezi kuliita nakala, kwa kuwa nakala hutolewa kwa makusudi, na mwenye nayo anajua ya kuwa asili ipo mahali fulani. Neno marudio nalo lina maana pana mno. Linalofaa zaidi ni rudufu, ambalo makarani wa zamani walilijua kutokana na mitambo ya kutolea nyaraka: ingizo rudufu, maingizo rudufu. Ni kichekesho kidogo kwamba neno hili nalo lina pacha wake, durufu, na wote wawili wamo katika matumizi. Mfasiri akiandika moja na mwenzake akaandika la pili katika orodha ile ile ya istilahi, mashine itayahesabu kuwa maneno mawili.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Mashine hulinganisha maandishi. Watu na vitu haivijui. Fomula ya kuhesabu iitwayo COUNTIF huulizwa swali moja tu: maandishi ya seli hii yametokea mara ngapi katika safu hii? Jibu likizidi moja, seli hupakwa rangi. Fomula hiyo haijali herufi kubwa na ndogo, lakini nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa jina huifanya ione majina mawili tofauti. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu, hapana budi kuziondoa nafasi za ziada, kazi inayofanywa na fomula ya TRIM.

Tabu kubwa iko kwenye majina ya watu. Mtu yule yule ataandikwa Mohamed kwenye orodha ya mtaa, Mohamedi kwenye ya shule, na Muhammad kwenye ya zahanati. Ramadhani hupoteza irabu ya mwisho, Shabani huongezewa irabu katikati. Hizi ni rudufu za kweli ambazo mashine haizioni. Kinyume chake, katika mkoa uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, si ajabu kuwapata watu wawili, watatu, au zaidi wenye majina matatu yanayofanana, tena wakiishi kata moja. Hao si rudufu, ingawa mashine itawapaka rangi.

Majina ya mahali yana mtego wake. Kinondoni ni wilaya, tena ni kata, Temeke vilevile. Mbezi ya Ubungo si Mbezi Beach. Isitoshe, kati ya mwaka 2015 na 2016 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Kikundi cha akina mama kilichoandikishwa kabla ya hapo chaweza kuwa kimebaki katika orodha ya manispaa ya zamani na kuingizwa upya katika ile mpya. Orodha hizo zikiunganishwa, kikundi kimoja huonekana viwili, na palipo na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, jambo hilo si dogo.

Wengi watasema dawa ni namba ya kitambulisho. Ni kweli, lakini kwa tahadhari. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Programu ya Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zinazobaki huzigeuza kuwa sifuri. Hata seli ikiwekwa kuwa ya maandishi, COUNTIF huichukua namba hiyo kama hesabu na kutazama zile 15 za mwanzo. Matokeo yake ni kwamba watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja huweza kuonekana mtu mmoja. Wazee wasiojua siku yao ya kuzaliwa, ambao makarani huwaandikia tarehe 1 Januari, ndio watakaoumia kwanza. Namba hiyo na iandikwe pamoja na vistari vyake, kama ilivyo kwenye kitambulisho. Hapo mashine itaisoma kuwa maandishi.

Ulinganishaji ukifanywa vema una faida isiyo na shaka. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao matokeo yake yalitangazwa mwezi Aprili 2017, ulibaini vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watu 3,076, yaani kila cheti na watu wawili. Tazama, hata hivyo, kwamba rudufu hapo ilionyesha tu kuwa pana jambo la kuulizwa. Nani kati ya wawili hao ndiye mwenye cheti? Swali hilo halijibiwi na jedwali.

Wafasiri wanaochangia orodha moja ya istilahi wana shida ya aina hiyo hiyo. Kaa wa pwani, kaa la moto na kitenzi kaa ni maingizo matatu halali, ijapokuwa maandishi ni mamoja. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kwa upande mwingine, ni dhana moja yenye majina matatu, na hakuna fomula ya herufi itakayoyakutanisha. Dawa ni kuongeza safu wima ya fasili fupi, na kupanga orodha kwa dhana badala ya neno.

Linabaki suala la kufuta. Katika jedwali la pamoja anayefuta huwafutia wote, na programu zina amri ya kuondoa rudufu zote kwa mkupuo, ikibakiza ile ya kwanza tu. Amri hiyo isiguswe katika orodha ya watu. Iongezwe safu wima ya alama, kila ingizo linaloshukiwa litiwe alama pamoja na jina la aliyelishuku na tarehe, kisha mjumbe wa mtaa aulizwe. Kufuta kufanywe na mtu mmoja aliyeteuliwa, baada ya nakala ya orodha nzima kuwekwa kando.