Mwendo wa Aliye Dhaifu: Siku Moja katika Msitu wa Miti Mirefu

Kaskazini mwa mji wa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, mlima Tamalpais umeinuka kando ya Bahari ya Pasifiki. Kutoka kijiji cha Stinson Beach, kilicho ufukweni, njia ya miguu hupanda hadi kituo cha walinzi wa hifadhi kiitwacho Pantoll, takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake ni kama kilomita 5 tu, lakini sehemu kubwa hupita ndani ya korongo liitwalo Steep Ravine, na jina hilo, lenye maana ya korongo la mwinamo mkali, halikutolewa kwa mzaha.

Sisi tulikuwa tisa, jamaa wa Mombasa tuliokwenda kuwazuru ndugu zetu wanaoishi huko. Mdogo wetu alikuwa na umri wa miaka 8. Mkubwa wetu, shangazi, ametimiza miaka 67 na goti lake la kushoto halimpi raha. Vijana walitaka kuukamilisha mzunguko mzima, kilomita 11 hivi, kwa kupanda korongoni na kuteremka kwa njia ya upande wa pili. Shangazi alitaka jambo moja tu, nalo ni kutoachwa nyuma.

Tukakubaliana mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, shangazi atangulie na asipitwe na mtu. La pili, gari moja litusubiri Pantoll, ili huko juu tuwe na hiari. Hilo la kwanza halikuwa letu. Mtume (s.a.w.) alimwagiza mwenye kuwaongoza watu katika sala amzingatie aliye dhaifu miongoni mwao, nasi tuliona kwamba agizo hilo lafaa njiani kama lifaavyo msikitini.

Saa ya kwanza vijana walinung'unika. Mwendo ulikuwa wa hatua kumi na pumzi, hatua kumi na pumzi. Kisha tukaingia kwenye miti, na manung'uniko yakapungua yenyewe.

Miti hiyo huitwa redwudi, yaani miti myekundu, kwa ajili ya rangi ya ubao wake. Huota katika ukanda mwembamba wa pwani ya Pasifiki, kuanzia kusini mwa Oregon hadi katikati ya California. Hakuna mti ulio mrefu kuipita duniani: mrefu kabisa unaojulikana umepita mita 115, kimo cha jengo la ghorofa zaidi ya 30. Ile ya Steep Ravine haifiki hapo, lakini ilitosha kutukunja shingo. Baadhi ya redwudi huishi zaidi ya miaka 2,000. Magome yao huweza kufikia unene wa sentimita 30, na ndiyo ngao yao dhidi ya moto. Tulipita vigogo vilivyoungua hata vikawa na uwazi wa kutosha mtu kusimama ndani, na juu yake majani yalikuwa mabichi.

Katika miezi ya kiangazi mvua ni haba huko. Ukungu hutoka baharini, hunaswa na majani yaliyo juu, kisha hudondoka chini matone kwa matone, na mizizi ikanywa. Mizizi yenyewe haizami sana ardhini. Hutambaa kwa upana, mita 30 hata zaidi, ikasukana na mizizi ya jirani, na kwa kushikana huko miti husimama wakati wa tufani. Mti mkuu ukianguka, machipukizi hutoka kuzunguka kisiki chake, yakawa duara la miti mipya. Wenye haraka hawayaoni hayo. Sisi tuliyaona kwa sababu ya goti la shangazi.

Mtihani ulikuwa kwenye ngazi ya mbao, iliyosimamishwa mahali ambapo kijito huporomoka juu ya mwamba na mtu hana pa kupita ila kwa kupanda. Vidato vilikuwa vimelowa. Tulimwambia shangazi kwamba wawili wetu wako tayari kurudi naye, wala si aibu. Akaitazama ngazi kwa muda, akampa mpwa wake bakora.

"Nishikie hii, mwanangu. Mikono yangu naihitaji."

Mmoja alitangulia juu, mwingine akawa chini yake, na kila kidato aliupeleka kwanza mguu wa kulia. Hakuna aliyesema neno mpaka alipofika juu na kusema Alhamdulillah.

Pantoll tulisali adhuhuri na alasiri kwa kuzijumuisha na kuzipunguza, kama ilivyo ruhusa kwa msafiri. Mombasa kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa. Kule, kwa njia iliyo fupi zaidi juu ya mgongo wa dunia, ni kaskazini pia, ikiinama kidogo mashariki. Mdogo wetu alistaajabu kwamba tumevuka bahari na mabara, na bado twaelekea upande ule ule.

Baada ya tende na mahamri, ilibaki nusu ya pili. Goti bovu huumia zaidi katika kuteremka kuliko katika kupanda, na hilo shangazi alilijua kuliko sisi. Vijana, wale wale walionung'unika, walisema kwamba wote tutashuka kwa gari. Yeye akakataa.

"Mmenipa haki yangu tangu asubuhi," akasema. "Sasa nami nawapa yenu. Nendeni, nitawangoja ufukweni na chai."

Wanne wakateremka kwa miguu, wakafika kabla ya magharibi. Sisi wengine tulishuka na shangazi garini. Tangu siku hiyo twaiona kanuni yetu kuwa na pande mbili: mwenye nguvu humngoja aliye dhaifu, na aliye dhaifu, akiona amefikishwa, humwachia mwenye nguvu njia. Wasomaji wetu wanaokusudia kuwatembeza wazee wao katika msitu wa Shimba Hills au Arabuko-Sokoke wakati wa likizo na wayapange yote mawili mapema: nani atatangulia, na gari litasubiri wapi.