Nilirusha vishale, nikarusha na mtaji wa mjomba!

Msomaji wangu, hujawahi kufumaniwa baa na mjomba wako saa kumi jioni, mkono mmoja vishale, mwingine bia ya ofa? Basi kaa vizuri nikupe mkasa, maana mimi yamenikuta.

Ilikuwa mwaka 2025, hapahapa Morogoro, mji kasoro bahari, kwenye baa moja si mbali na Msamvu. Nilikuwa nimebakiwa na 32, nasubiri kumaliza mchezo kwa dabo ya 16. Masela wametulia kimya. Mara nasikia nyuma yangu: "Mpwa wangu, mbegu za viazi umeshanunua?"

Kishale kikaenda ukutani. Nikageuka, kweli ni yeye, kateremka kutoka Mgeta na magunia yake ya kabichi, viatu vimejaa udongo. Nikasema "Shikamoo mjomba." Akaitikia "Marahaba" moja fupi, akatoka nje. Hakusema neno lingine, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Labda wewe wa Dar utasema, mjomba tu, kwani ni nani? Ndugu yangu, kwa sisi Waluguru ukoo unafuata mama, na mashamba ya ukoo yanapitia hukohuko. Mjomba akikununia, umenuniwa na mlima mzima!

Sasa nikueleze kosa langu, nisijifanye malaika. Mjomba alinipa laki tatu. Ziwe za mbegu za viazi na mbolea, nimpelekee kabla msimu haujaanza. Wiki hiyohiyo nikasikia kuna mashindano ya vishale mkoa wa jirani, mshindi laki tano, wa pili laki mbili. Nikapiga hesabu za kijiweni: nachukua laki tano, narudisha tatu, mbili zangu. Raha iliyoje!

Nikanunua seti mpya ya vishale, nikalipa kiingilio, nauli na gesti. Fainali nikafika, siyo utani. Nikapoteza kwa kishale kimoja tu. Na ile laki mbili ya mshindi wa pili? Waandaaji wakanipa fulana na "njoo wiki ijayo". Wiki ijayo hiyo mpaka leo haijafika.

Wengi hudhani vishale ni mchezo wa walevi. Bwana wee, usidanganyike. Unasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, na kitone cha katikati kipo mita 1.73 kutoka sakafuni. Unaanza na 501 unapunguza kila unachopata, na lazima umalizie kwenye dabo, ule utepe mwembamba wa pembeni. Kile kijipande chembamba cha 20 kinachozidisha mara tatu kinakupa 60. Vishale vitatu humo, 180, baa nzima inapiga kelele. Hapo kichwani unapiga hesabu za kutoa upesi kuliko muuza nyanya wa Sabasaba. Mlevi hawezi kitu hicho.

Na kuna watu wanaishi kwa kazi hiyo. Phil Taylor wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kauri mjini Stoke-on-Trent, mtu wa kawaida kabisa. Bingwa wa wakati huo, Eric Bristow, akamwona ana kipaji, akamkopesha pauni 10,000 aache kazi afanye mazoezi. Mwaka 1990 wakakutana fainali ya dunia. Taylor akamtandika aliyemkopesha 6-1! Mpaka anastaafu mwaka 2018 alikuwa na ubingwa wa dunia mara 16. Halafu akaja kijana Luke Littler, aliyetwaa ubingwa huo Januari 2025 akiwa na miaka 17 tu. Umri ambao sisi wengine tulikuwa bado tunaomba hela ya daladala nyumbani.

Nilikuwa nazijua habari hizo zote, na ndizo zilizoniponza. Nilijiona Taylor wa Msamvu. Nilichosahau ni kwamba Taylor alipewa zile pauni kwa makubaliano, na mwenyewe akijua zinakwenda wapi. Mimi za mjomba nilizichukua kimyakimya. Ule siyo udhamini, ule ni wizi wa kifamilia.

Basi miezi ikapita. Mjomba hapokei simu. Mama kanisema mpaka kachoka. Nikaanza kubeba mizigo ya wafanyabiashara sokoni, kidogo kidogo, nikiweka pembeni. Vishale nikavifunga kwenye soksi.

Ndipo Desemba 2025 mshikaji akaniita, "Njoo uone Mkenya!" Nikakimbilia simu yake. Kumbe ni David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, Mkenya wa kwanza kucheza ubingwa wa dunia wa vishale vya kulipwa pale Alexandra Palace, London. Mpinzani wake Mike De Decker, Mbelgiji, yule aliyebeba World Grand Prix mwaka 2024. Munyua akachapwa seti mbili za kwanza. Nikajua ndio basi, kaenda kutalii.

Thubutu! Akarudisha ya kwanza, akarudisha ya pili, akamaliza 3-2. Ukumbi mzima unamshangilia jamaa ambaye muda mfupi nyuma hawakuwa wanamjua. Raundi ya pili akatolewa na Mholanzi Kevin Doets, lakini historia ilishaandikwa. Na mfukoni hakutoka mtupu: anayefika raundi hiyo huvuna pauni 25,000, yaani zaidi ya milioni 70 za madafu. Bingwa hupata pauni milioni moja.

Nikalala sijalala. Asubuhi nikatoa akiba yangu, laki tatu kamili, nikapanda gari la Mgeta kupitia Mzumbe. Njia ile inapanda inakata kona, na baridi inakukumbusha kwamba koti umeliacha mjini. Vishale mfukoni, na ubao wangu wa zamani nimeufunga kwenye kanga ya mama. Sijui kwa nini niliubeba. Nadhani nilitaka aone nilichomwibia kilikwenda wapi.

Nikamkuta mjomba shambani. Nikaweka hela juu ya jiwe, nikaomba radhi. Akazihesabu mara mbili, mzee haamini mtu. Halafu nikamwonyesha ile mechi kwenye simu. Akaangalia mpaka mwisho bila kusema kitu. Mwishowe akauliza swali moja:

"Huyu daktari, alivyokwenda Ulaya, ng'ombe aliwaachia nani?"

Msomaji, nilikosa jibu. Ndio kiini chenyewe hicho! Munyua hakula mtaji wa watu akisubiri bahati. Ana taaluma yake mkononi, na vishale mkono wa pili.

Nikafungua kanga. Mjomba akaupapasa ubao, akaukwaruza kwa kucha, akanusa. "Mkonge huu," akasema. Ni kweli, ubao mzuri wa vishale ni nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja, ndiyo maana kishale kikitoka tundu linajifunga lenyewe. Ule mmea Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, na ukaja kutapakaa mpaka mashamba ya Kilosa. Mjomba alikata mkonge huko ujanani. Akanionyesha makovu ya miiba mkononi, ambayo miaka yote nilidhani ni ya panga.

"Sisi tulikata, wazungu wakaenda kuchezea," akacheka. Kicheko cha kwanza tangu ile siku ya baa.

Akanikatia kipande cha shamba, siyo kikubwa, nilime viazi vyangu mwenyewe. Ubao akautundika ukutani nje ya nyumba. Sharti lake: nikitaka kwenda mashindano, nauli itoke kwenye viazi vyangu, siyo vyake. Na kabla ya kusafiri nimuulize mwandaaji zawadi iko wapi, niione kwa macho.

Sasa nazunguka, siku nne Mgeta, siku tatu mjini. Asubuhi jembe, jioni vishale mia mbili ukutani kabla giza halijaingia. Sijawa Munyua, wala sijui kama nitakuwa. Lakini mkono umetulia kuliko zamani, maana siwazi tena deni la mtu.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kuishi kwa kipaji, kiwe vishale, muziki au ndondi, sikukatazi. Kamua! Ila mtaji uwe wako au uombe kwa mdomo wako.

Na mjomba? Wiki iliyopita nilimkuta peke yake mbele ya ubao, kishale mkononi, jicho moja kafumba. Aliponiona akajifanya anafukuza kuku!