Pointi Sita za Mkiani

Jumatatu ya tarehe 1 Mei 2023, Leicester City waliokuwa nafasi ya 18 waliwakaribisha Everton waliokuwa nafasi ya 19. Ligi Kuu ya England ina timu 20 na hushusha tatu, kwa hiyo wote wawili walikuwa ndani ya eneo la kushuka daraja. Leicester walikuwa na pointi 29, Everton 28, na hiyo ilikuwa mechi ya 34 kati ya 38. Macho ya wengi yalikuwa juu, kwa Manchester City na Arsenal waliokuwa wakigombea ubingwa. Lakini mimi nikitakiwa kuchagua mechi moja ya msimu ule ya kumfundishia mtu jinsi ligi inavyofanya kazi, nachagua hii ya mkiani.

Mashabiki huiita mechi ya namna hii mechi ya pointi sita. Wengine hudhani ni maneno ya kutia chumvi, kwa sababu mshindi bado anapewa tatu tu. Hesabu yenyewe iko hivi. Leicester wakishinda wanafika 32, Everton wanabaki 28. Leicester wanakuwa mbele kwa pointi nne. Everton wakishinda wanafika 31, Leicester wanabaki 29. Leicester wanakuwa nyuma kwa pointi mbili. Kutoka mbele kwa nne hadi nyuma kwa mbili ni pointi sita kamili, na zote zinaamuliwa kwa dakika 90. Ukimfunga Manchester City unapata tatu, lakini jirani yako wa mkiani hapungukiwi na kitu. Ukimfunga jirani, umejipandisha na kumzuia kwa wakati mmoja.

Sare ndiyo inayowachanganya wengi. Hadi mwaka 1981 mshindi wa mechi katika ligi ya England alipewa pointi mbili, na sare ilikuwa nusu ya ushindi. Jimmy Hill, mchezaji wa zamani aliyekuja kuwa kiongozi wa soka na mtangazaji, aliipigania kanuni ya pointi tatu hadi ikakubaliwa msimu wa 1981/82. Kombe la Dunia liliifuata mwaka 1994. Chini ya kanuni hiyo sare ni theluthi moja ya ushindi. Timu mbili za mkiani zikitoka sare zimegawana pointi mbili, na ya tatu imepotea kabisa, haikwenda kwa yeyote. Wanaofurahia ni majirani waliokuwa wakitazama runinga nyumbani. Hata hivyo makocha wengi wa timu zilizo hatarini bado huingia uwanjani wakisema kwanza tusifungwe. Naielewa hofu hiyo, kwa kuwa kocha anayefungwa na timu ya mkiani mwenzake mara nyingi hafiki Jumamosi inayofuata. Ila hofu hiyo ni ya kulinda ajira yake, na msimamo wa ligi hauitambui.

Siku sita kabla ya mechi hiyo, tarehe 25 Aprili, Leicester walikuwa wamekwenda kwa Leeds United, nao wakiwa hatarini, wakatoka 1-1. Kisha wakaja Everton, ikawa 2-2. Katika mechi mbili zenye uzito wa pointi sita kila moja, Leicester walivuna pointi mbili. Shikilia hapo, tutarudi.

Watu hutarajia mechi ya mkiani iwe ya kukera, kila mtu nyuma ya mpira. Kipindi cha kwanza cha Leicester na Everton kilikuwa kinyume kabisa. Dominic Calvert-Lewin aliwatanguliza Everton kwa penalti, Çağlar Söyüncü akasawazisha, Jamie Vardy akaifungia Leicester la pili, na yote hayo ndani ya dakika 33. Timu iko mkiani kwa sababu kuna mahali inavuja, na mbili zinazovuja zikikutana, nafasi zinazaliwa zenyewe. Leicester walimaliza msimu wakiwa wamefunga mabao 51 na kufungwa 68. Linganisha na Wolves: walifunga 31 tu msimu mzima, wakasalia kwa raha wakiwa na pointi 41. Tatizo la Leicester halikuwa kufunga. Walikuwa na James Maddison, Harvey Barnes, Vardy na Youri Tielemans, vipaji ambavyo nusu ya ligi ingevitamani. Hawakuwa na uwezo wa kulinda walichokipata.

Sasa njoo kwenye tukio lenyewe. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza, ubao ukisoma 2-1, Leicester walipata penalti. Aliyeushika mpira ni Maddison, mchezaji mwenza wa kipa Jordan Pickford katika kikosi cha England kilichokwenda Qatar mwaka 2022. Kwa wastani penalti tatu kati ya nne huingia. Ikiingia hii ni 3-1 kabla ya mapumziko. Maddison alipiga katikati. Pickford hakuruka, alisimama pale pale na mpira ukamkuta. Baadaye ilionekana kwamba kwenye chupa yake ya maji kulikuwa na maelekezo kuhusu kila mpigaji wa Leicester, na kwa jina la Maddison ushauri ulikuwa asimame.

Kusimama katikati kunaonekana rahisi kwa anayetazama, lakini ni jambo gumu sana kwa kipa. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchunguzi wa penalti 286 za ligi na mashindano makubwa. Karibu asilimia 29 ya mikwaju ilipigwa katikati, lakini makipa walibaki katikati mara sita tu katika kila mia. Waliobaki waliokoa theluthi moja ya mikwaju waliyokabiliana nayo, zaidi ya mara mbili ya mafanikio ya walioruka kushoto au kulia. Maelezo ya watafiti yananiingia akilini: kipa akiruka na kufungwa, kila mtu anaona alijitahidi, akisimama na kufungwa, anaonekana mzembe. Mbele ya uwanja uliojaa, na klabu iliyokaa daraja la juu tangu 1954 ikiwa hatarini, Pickford alikubali kuonekana mzembe kwa sababu kuna watu walioketi, wakatazama penalti za Maddison, wakamwandikia. Hiyo ndiyo kazi ya benchi la ufundi la timu maskini ya pointi. Huwezi kununua mshambuliaji mwezi Mei, lakini bado unaweza kutazama mikanda.

Alex Iwobi alisawazisha mapema kipindi cha pili na mechi ikaisha 2-2. Leicester walichomoka kwenye eneo la kushuka siku hiyo, Everton wakabaki ndani. Ungeuliza usiku ule, wengi wangesema sare imewafaa Leicester.

Wiki moja baadaye Everton walishinda 5-1 ugenini kwa Brighton, na siku hiyo hiyo Leicester wakafungwa 5-3 na Fulham. Everton wakaja kusawazisha kwa Wolves dakika ya tisa ya nyongeza kupitia Yerry Mina. Siku ya mwisho, tarehe 28 Mei, Leicester waliifunga West Ham 2-1, lakini bao la Abdoulaye Doucouré dhidi ya Bournemouth liliwapa Everton ushindi wa 1-0. Everton 36, Leicester 34, Leeds 31. Leicester na Leeds, waliogawana pointi mwezi Aprili, walishuka pamoja. Southampton walikuwa wameshatangulia.

Rudi kwenye zile sare mbili. Leicester wangeifunga Everton, wangemaliza na 36 na Everton 35. Wangeifunga Leeds tu, wangelingana na Everton kwa pointi 36 na kuwapita kwa tofauti ya mabao. Najua matokeo ya mechi moja hubadilisha namna timu zinavyocheza mechi zinazofuata, hivyo hesabu hii si hukumu. Inaonyesha tu bei ya kila sare. Baada ya msimu huo Maddison aliuzwa Tottenham, Barnes akaenda Newcastle, Tielemans akaondoka bure kwenda Aston Villa. Klabu iliyokuwa bingwa wa England mwaka 2016 ilivunjwa vipande. Hata kwetu Tanzania, Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka mwaka 2024.

Lakini usiichukue hesabu ya England na kuipachika kwenye Ligi Kuu Bara bila kuirekebisha. Kule kati ya nafasi ya 17 na ya 18 hakuna daraja, ni genge. Kwetu timu mbili za mwisho, ya 15 na ya 16, hushuka moja kwa moja, na za nafasi ya 13 na 14 huingia kwenye mchujo. Tabora United walipitia njia hiyo msimu wa 2023/24: walishindwa na JKT Tanzania, wakabaki kwa kuwafunga Biashara United wa daraja la chini. Kwa hiyo timu iliyo ya 14 ikicheza na ya 15 katika raundi ya mwisho, ikiwa mbele kwa pointi moja, sare inaipa mechi nyingine za kujiokoa, na kwa yule wa 15 sare ni sawa na kufungwa. Hapo ndipo pa kutazama: ikifika dakika ya 60 ubao ukiwa 0-0, kocha wa timu ya 15 ameingiza nani, na amemtoa nani.